Mwaka Nilioacha Tumbako Nikanenepa

Tulipomzika Léontine, mke wa marehemu kaka yangu, nilikaa siku tatu za matanga pale nyumbani kwake mtaa wa Manika, upande wa jikoni, nikichambua maharage pamoja na wanawake wengine. Siku ya pili, mchana, nilikuwa nimeinama kuokota sufuria chini ya meza, na mama mmoja aliyekuwa anaosha sahani nyuma yangu akamwambia mwenzake kwa sauti ile ambayo watu hudhani ni ya chini: "Unaona ule mama wa kitambaa ya bleu? Njo ye alitoshaka mimba ya Mukasai." Mwenzake akauliza, "Ye? Ile zamani ya kufukuza batu?" Yule akajibu, "Njo ye. Ilikuwa tumbo kubwa, nilionaka na macho yangu. Kisha siku moja tumbo hakuna, mutoto hakuna." Nikainuka na sufuria langu, kitambaa changu cha bluu kichwani, nikaenda kuliweka motoni. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimenyamaza hivyo hivyo. Mwanzoni nilinyamaza ili watu wasiuawe, baadaye kwa aibu, na mwishowe kwa mazoea tu. Sasa Léontine amekwenda, kaka yangu Évariste alitangulia, na hakuna tena mtu ambaye ukweli wangu unaweza kumdhuru. Basi niuseme. Sikutoa mimba ya mtu wa Kasai, kwa sababu hakukuwa na mimba. Kulikuwa na tumbako niliyoiacha, na kulikuwa na njaa iliyokuja kukaa mahali pake.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikifanya kazi ya kuunganisha simu katika ofisi za kampuni ya migodi, hapa Kolwezi. Chumba chetu kilikuwa kidogo, ukuta mmoja mzima ni meza ya simu yenye matundu na kamba zake, na dirisha moja lililotazama bomba la moshi la kiwanda. Tulikuwa wawili: mimi na Thérèse. Yeye alikuwa amenizidi miaka sita, mwanamke mrefu mwenye mwanya, mwenye mume fundi wa umeme na binti mmoja wa miaka minne aliyeitwa Ntumba. Babu yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Yeye Kasai hakuwa ameiona hata siku moja. Alikuwa na kicheko ambacho mafundi wa simu wa Likasi, wa Fungurume, wa Lubudi, wote walikuwa wanakijua. Yule wa Lubudi, mzee tuliyemwita Tata Augustin, kila asubuhi alikuwa anapiga bila sababu, anasema tu, "Mama Thérèse, cheka kidogo nianze kazi." Hawakuwa wamewahi kuonana. Thérèse ndiye aliyenifundisha kuvuta sigara, pale dirishani, zamu kwa zamu, mmoja akishika simu mwingine akitoa moshi nje. Nilivuta kwa sababu yeye alivuta, na pia, lazima niseme, kwa sababu sigara ilikuwa inakata njaa. Posho ya unga ambayo kampuni ilitupa kila mwezi ilikuwa imeanza kupungua, kazi zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine, na sigara mbili za mchana zilinifikisha jioni bila kuwaza chakula. Nilikuwa mwembamba kama mti wa ufagio, na niliona fahari.

Sauti ndiyo iliyoanza kuharibika. Ikawa nzito, yenye mikwaruzo, na asubuhi ilikuwa haitoki kabisa mpaka nikohoe. Siku moja shefu wetu, mkuu wa ofisi, aliingia, akafunga mlango, akabaki amesimama. "Mademoiselle Godelive," akasema, "ku Likasi banauliza kama tuliweka mwanaume ku telefone. Mi sina shida na tumbako yako. Lakini banataka tupunguze batu, na mutu wa telefone bila sauti, nitamutetea namna gani?" Nikaenda kwa daktari wa dispensari. Akaweka chombo chake mgongoni kwangu, akasikiliza, akaniambia kifua changu kinapiga filimbi kama cha mzee wa mgodi, na nikiendelea hivyo sitapanda ngazi nikifika miaka arobaini. "Acha leo," akasema. "Ukisikia hamu, tafuna kitu. Karanga, muwa, kitu yoyote." Nililia njia nzima ya kurudi, kwa sababu nilijua amesema kweli. Thérèse aliponisikiliza alizima sigara yake nusu, akaiweka kwenye mfuko wa gauni. "Acha, mudogo yangu," akasema. "Wewe uko na miaka ya kutengeneza. Mi siwezi. Hii njo chakula yangu ya muchana." Tangu siku ile alikwenda kuvuta kwenye ngazi za nje, ili moshi usinisumbue.

Watu hudhani kuacha tumbako ni kazi ya siku mbili tatu za ukali, kisha basi. Mimi mikono yangu haikujua iende wapi. Nilikuwa naamka nimeuma meno. Nikimsikia mtu anawasha kiberiti mtaa wa pili, moyo ulikuwa unaruka. Nikafuata neno la daktari, nikatafuna. Nilianza na karanga za kuchemsha zilizofungwa katika karatasi, kisha viazi vitamu vya baridi vilivyobaki tangu jana, kisha bitumbula, yale maandazi ya mviringo ambayo mama mmoja alikuwa anayakaanga mbele ya geti la ofisi. Chakula kilikuwa kimepata ladha ambayo nilikuwa nimeisahau tangu nianze kuvuta. Nilikuwa nakaa kwa kaka yangu, na sombe ya Léontine, kile kisamvu chake chenye mafuta ya mawese na vidagaa vya kapenta, niliila siku hizo kama mtu aliyetoka gerezani. Nilikuwa nakwangua chungu cha bukari, ugali wetu, nakula ule ukoko wa chini ambao zamani tuliwapa kuku. Sauti yangu ilirudi baada ya majuma matatu, safi, na Tata Augustin wa Lubudi akauliza huyu msichana mpya ni nani. Lakini magauni yangu yalikuwa yanagoma kufungwa. Siku ya posho, kwa mzaha, nilipanda kwenye mizani ya magunia. Zamani nilikuwa kilo arobaini na tisa. Sasa mkono wa mizani ulisimama kwenye sitini na moja. Mtunza ghala alipiga makofi. "Haa! Mu hii mwaka ya njala! Mademoiselle, utuambie siri." Wote waliokuwa kwenye mstari waligeuka kunitazama, na hawakucheka.

Ni hapo nilipoanza kuona macho ya watu. Mwaka ule kila mtu alikuwa anapungua. Mikanda ilikuwa inaongezwa matundu kwa msumari, mashavu ya wazee yalikuwa yameingia ndani, na katikati yao napita mimi, uso mviringo, tumbo mbele. Kwa bahati mbaya mwili wangu haukugawa mafuta kwa haki: miguu ilibaki ileile, mikono ileile, kila nilichokula kilikwenda tumboni. Léontine hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa na watoto wanne na gunia la unga linalopungua, akawa anahesabu matonge yangu bila kujua kwamba anahesabu. Chumba changu na chao vilitengwa na ukuta wa matofali usiofika juu, na alasiri moja, nikiwa nimejilaza, nilimsikia akimwambia kaka yangu: "Unakumbuka namna mi nilikulaka na mimba ya mutoto wetu Pascal? Njo vile Godelive anakula. Mi najua mwili ya mwanamuke." Kaka yangu akauliza, "Ya nani?" Kisha Léontine akasema, polepole, "Ule Mukasai alikuwa anamusindikiza." Nikakaa kitandani, nikauma kanga yangu.

Yule aliyenisindikiza aliitwa Donatien, mchora ramani wa ofisi yetu, kijana mpole mwenye wino kwenye vidole. Alikuwa ametembea na mimi mpaka kwenye kona ya mtaa labda mara kumi. Tulizungumza mambo ya kazi na ya kanisa, na mara moja alinishika mkono kuvuka mfereji. Hayo ndiyo yote. Miaka miwili kabla, habari kama ile ingekuwa ya kuchekea. Lakini redio na mikutano vilikuwa vimeanza kusema kwamba watu wa Kasai wamekula nafasi zetu sisi wenyeji wa Katanga, kwamba warudi kwao. Vijana, wale tuliowaita ba-jeunesse, wakaanza kupita mtaani wakiimba. Neno lilikuwa moja: bilulu, wadudu. Jirani uliyeombana naye chumvi asubuhi, jioni aliitwa kilulu. Milango ikaandikwa kwa makaa. Donatien na mama yake waliondoka na treni ya kwanza, hata hakuja kuaga. Juma lililofuata Thérèse hakuja kazini. Kaske yake, ile ya kuvaa masikioni, ilibaki kwenye msumari ikining'inia, na shefu, ambaye alimjua kwa miaka minane, alinitazama akasema tu, "Sasa uko peke yako," akatoka haraka kabla sijauliza. Nilipokwenda nyumbani kwake nilikuta mlango umeng'olewa na mtu nisiyemjua anafagia sebule. Ndani nilimwona ametundika pazia za Thérèse, zilezile za maua ya manjano.

Basi nikaanza vita na tumbo langu. Leo nikiwasikia vijana wa hapa mjini wakizungumza habari za kupunguza mwili, kutembea asubuhi, kutokula jioni, nanyamaza, kwa sababu mimi nilifanya hayo yote kama mtu anayekimbia moto. Nilikunywa maji ya moto na ndimu mpaka meno yakafa ganzi. Nilitembea kutoka ofisini mpaka Musonoi na kurudi, juani, kwenye vumbi la malori. Nilijifunga tumbo kwa kitenge kilichokunjwa mara nne, nikakikaza mpaka nikashindwa kuvuta pumzi mbele ya simu. Nilikula mara moja kwa siku, kisha nusu ya mara moja, na kila njaa iliponishika haikuwa njaa ya chakula peke yake; ilikuwa na hamu ya sigara ndani yake, zimesukwa pamoja kama kamba, sikuweza kuzitenganisha. Siku moja nilianguka mezani nikiwa na mtu wa Fungurume kwenye simu. Nilipozinduka alikuwa bado anaita, "Allô? Allô, mama?" Nilikwenda maternité kuomba karatasi inayosema sina mimba. Mkunga mzee alinipima, akacheka, akaandika. Nikaileta, nikaiweka mbele ya kaka yangu. Akaisoma mara mbili, akaikunja. "Karatasi inanunuliwa," akasema. Halafu akainamisha kichwa. "Godelive, ba-jeunesse balipita hapa leo. Balisema: siku kilulu kitazaliwa mu nyumba yako, tutakuya na petroli. Mi niko na batoto bane. Nitabajibu nini?" Nikamwambia, "Yaya, kaka yangu, hakuna mutoto." Akasema, "Basi tumbo iishe. Ao iishe, ao uende na benzako ku gare." Kaka yangu huyu alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo.

Kesho yake, kazi ilipokwisha, nilinunua sigara moja. Nilijua vizuri sana ninachofanya: sigara ilinifanya mwembamba zamani, itanifanya mwembamba tena, na sauti na kifua viende zao. Lakini sikuweza kuivuta mtaani, wala nyumbani, wala peke yangu ofisini. Sikuwa nimewahi kuvuta sigara hata moja bila Thérèse. Miguu yangu ikanipeleka gare, yaani stesheni, walikokusanyika watu wa Kasai waliofukuzwa.

Sitaeleza yote niliyoyaona pale. Maelfu ya watu walikuwa wamekaa kando ya reli wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini, familia kwa familia, chini ya maturubai na mashuka, na makabati yao, mashine zao za kushonea, picha zao za harusi zimeegemezwa kwenye magunia. Harufu ilikuwa nzito. Watoto walikuwa wanakohoa. Nilimkuta Thérèse chini ya shuka la bluu, amekaa juu ya sanduku, Ntumba amelala mapajani. Mwanamke yule mrefu alikuwa amebaki mifupa na mwanya. Mumewe alikuwa amekwenda kutafuta maji. Alinitazama toka chini mpaka juu, akasimamisha macho tumboni kwangu. "Nani?" akauliza. "Bukari," nikajibu. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi kilichomkunja mpaka nikamshika mabega. Nilipotoa sigara na kiberiti alininyang'anya. "Wewe hapana," akasema. "Ukivuta hii, nani atajibu ku telefone na sauti ya mutu?" Akaiwasha mwenyewe, akafumba macho. Akaniambia kwamba siku tatu hajala, kwamba kila kinachopatikana anampa mtoto, na moshi ndio unaomtuliza tumbo. Nikamweleza habari zangu: mizani, Léontine, petroli. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kiganja chake juu ya tumbo langu, mbele ya watu, akalibonyeza kama fundi anayepima godoro. "Ku mulango banakamata chakula?" akauliza, ingawa alijua. Vijana waliosimama langoni walikuwa wananyang'anya kila kikapu; walikuwa wanasema unga wa Katanga ni wa tumbo la Katanga. "Hii banaigusa?" Nikasema hapana, wanatukana tu, wanaogopa kumgusa mwenye mimba mbele ya wamama. "Basi," akasema Thérèse, "usiipunguze."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mimi mwenyewe, kama mfanyakazi, nilikuwa na haki ya posho yangu. Nikaanza kuificha nusu kwenye kabati la chumba cha simu, nyuma ya kamba mbovu, na nyumbani nikawa nakula nusu ili nisimpunguzie Léontine na watoto wake. Nilishona mfuko wa kitambaa wa mviringo, wenye kamba za kufunga kiunoni na begani. Kila nilipotoka kazini, nilikuwa najifunga unga, au maharage, au kapenta zilizopondwa ili zisichome, navaa gauni pana, natembea nimeshika kiuno. Pale langoni walikuwa wananipigia miluzi. "Anaenda kuonyesha bakwe zake mimba!" walikuwa wanapiga kelele. "Panda na we treni, mama kilulu!" Nilikuwa nainamisha uso, napita. Nikishafika chini ya shuka la bluu, Thérèse na mumewe walikuwa wanasimama mbele yangu kama pazia, nafungua. Baadaye nilijifunza kujaza mfuko tena kwa nguo chafu kabla ya kutoka, ili tumbo litoke kama lilivyoingia, na nyumbani pia nilibaki nao, nikimwambia kaka yangu angoje kidogo. Ntumba alidhani ndivyo mama zake wadogo wote walivyo, kwamba unga hutoka tumboni. Na wakati huo, chini ya mfuko, tumbo langu mwenyewe lilikuwa linakwisha. Kile ambacho ndimu na kutembea na kitenge vilishindwa, nusu ya sahani iliweza. Nilipopanda tena mizani ya ghala, bila mfuko, ilikuwa hamsini na mbili. Nilishuka haraka. Sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba nimefaulu. Hata hamu ya sigara ilikuwa imeondoka, sijui siku gani. Nilikuja kugundua tu kwamba nakaa katikati ya watu wanaovuta na mikono yangu imetulia.

Mmoja wa vijana wa langoni aliitwa Kasongo. Zamani alikuwa akipeleka barua ofisini kwetu, na Thérèse alikuwa akimgawia mkate. Siku moja alinisogelea, fimbo mkononi, wenzake wakiwa hatua chache nyuma. Nikaona macho yake yakishuka, yakasimama. Akasema kwa sauti ambayo ni mimi tu niliyeisikia: "Mama, leo tumbo yako iko ku upande." Nilishika tumbo. Kweli, kamba ya bega ilikuwa imelegea, mimba yangu ilikuwa imehamia kwenye nyonga. Nilimwona akiwaza, niliona usoni mwake mkate na fimbo vikipigana. Kisha akageuka kwa wenzake akapaza sauti: "Mumuache apite, inamuuma!" Na kwangu, bila kunitazama: "Usirudie tena. Kesho siko hapa." Sikuwahi kujua kwa nini kesho hayuko. Mimi nilirudi kesho, na keshokutwa, kwa sababu Ntumba alikuwa ameanza kuharisha.

Treni ilikuja asubuhi moja, mabehewa ya mizigo yasiyo na viti, na watu walipanda mmoja juu ya mwingine. Niliomba ruhusa kazini kwa uongo, nikakimbia. Mume wa Thérèse alikuwa tayari juu, anampokea mtoto. Thérèse alipandishwa kwa mikono, kwa sababu miguu haikumbeba. Alikaa mlangoni mwa behewa, akanishika vidole. "Mudogo," akasema, "piga Lubudi. Umuambie Augustin napita. Aniletee maji, na mi nitamuonyesha uso." Nikasema nitapiga. Akataka kucheka, akajizuia kwa kuogopa kikohozi. Hatukuagana kwa maneno mengine. Behewa liliondoka kwa kishindo na vidole vyetu vikaachana vyenyewe.

Nilipiga Lubudi saa ileile. Laini nyingi zilikuwa zimekufa, watu walikuwa wanakata nyaya za simu kuuza shaba, lakini ile ya Lubudi ilikuwa bado inapumua. Tata Augustin alifurahi kama mtoto. Aliniambia atavaa shati jeupe.

Siku ya tatu akapiga yeye. Nilisikia pumzi tu. "Ni we, Mademoiselle?" "Ni mi, tata." Akasema treni ilisimama Lubudi karibu mchana mzima. Akasema alipita behewa kwa behewa na ndoo ya maji akiita jina, mpaka mwanaume mmoja akaitika, ameshika mtoto. "Alikuwa amelala, banamufunika kitambaa," akasema Tata Augustin. "Mi nilisema, mumuamushe, nilimuletea maji. Bwana yake akaniangalia tu." Walimzika pale Lubudi, kando ya reli, Tata Augustin na wafanyakazi wawili wa stesheni ndio waliochimba. Mume na Ntumba waliendelea na safari, treni haikungoja. "Sikuona yeye anacheka," Tata Augustin akasema. "Niliona uso, lakini sikuona anacheka." Kisha laini ikajaa kelele, ikakatika, na baada ya siku hiyo Lubudi haikuitika tena.

Tangu treni iondoke nilikuwa bado nauvaa mfuko kwa kuogopa maswali, lakini mchana ule nilirudi nyumbani bila huo, kwani hakukuwa tena na mtu wa kumpelekea chakula. Gauni lilining'inia. Vijana wawili walikuwa wamekaa kwenye kona yetu. Waliniona, wakatazamana, na mmoja akaniinulia kidole gumba. "Bien, mama," akasema. "Ulifanya muzuri." Nilichukua muda kuelewa. Walikuwa wananisifu. Walidhani nimetoa mtoto wa Kasai, na kwa ajili hiyo nilikuwa nimerudi kuwa mtu wao. Kaka yangu alikuwa mlangoni. Alitazama tumbo langu, akauliza kwa sauti ndogo, "Mutoto iko wapi?" Ningeweza kusema. Ningeweza kuuleta ule mfuko kutoka kabati la chumba cha simu nikamwonyesha vumbi la unga katika mishono. Lakini kujua kwamba nyumba yake imewalisha watu wa stesheni kungemwangamiza yeye na watoto wake, na kungemfikia Kasongo, popote alipokuwa. Nikasema, "Imeisha, yaya." Akafunika uso kwa mikono miwili. Alishukuru, na papo hapo alichukia kwamba ameshukuru, nilimwona. Hakuniuliza tena mpaka anakufa.

Ni Léontine aliyenifuata chumbani. Alikuja na beseni la maji ya moto lenye majani ndani, na taulo, na chupa ya mafuta ya mawese. Alifunga mlango, akaniambia nilale chali, akapandisha gauni langu. Alipoliona tumbo langu lilivyobonyea, mbavu zinahesabika, alivuta pumzi. Huyu ndiye aliyekuwa akihesabu matonge yangu. Akachovya taulo, akaikamua, akaniwekea tumboni, na kuanza kunikanda kwa viganja vyake vigumu, toka kitovuni kwenda chini, kama wanavyokandwa wanawake ambao mimba imewatoka. Nilitaka kumzuia. Nilitaka kumwambia hakuna kitu humo, mulamu, wifi yangu, unakanda njaa. Lakini joto lile liliingia mpaka mgongoni, na mwaka mzima hakuna mtu aliyenigusa kwa upole isipokuwa mmoja, naye yuko chini ya kokoto za Lubudi. Machozi yakaanza kutoka yenyewe, yakaingia masikioni. Léontine aliyaona. Hakuacha kukanda. Akainama karibu, akatazama kwanza mlangoni kama umefungwa, akaninong'oneza: "Lia, mulamu. Lia tu. Hata kama ilikuwa Mukasai, ilikuwa mutu."

Nikalia. Katika mtaa wetu, mwaka ule wote, sikuwa nimemsikia mwingine akimwita mtu wa Kasai kwa neno hilo, mutu.